Miti Kumi na Moja Kwenye Ukungu

Mimi si mtu wa kunyamaza. Ulizia Riverdale Park nzima, hapa Marekani, utaambiwa. Dereva wa basi akinipita kituoni nitampigia kelele mpaka kituo kinachofuata. Kwaya ikichelewa kuanza nitasimama niulize kama tumekuja kuimba au kukaguana viatu. Marehemu mama aliniita Vumilia, nadhani kwa kujiombea, maana tangu nizaliwe sijavumilia kitu. Kwa hiyo nikisema kwamba siku moja niliulizwa swali fupi mbele za watu na nikashindwa kufungua mdomo, wanaonijua wanacheka, wanadhani nawatania. Siwatanii. Bado nikilikumbuka nafunika uso hata nikiwa peke yangu chumbani.

Nilikuwa na kazi ya kumwangalia bibi mmoja wa Kikorea huko Annandale. Jina lake Bibi Seo, mjane, miaka themanini na sita. Kiharusi kilikuwa kimeuchukua mkono wake wa kulia na kumwachia mguu wa kuburuta, lakini ulimi ulikuwa mzima na ukali wake ulikuwa mzima, ndiyo maana tulipatana. Nililala kwake Jumatatu mpaka Ijumaa, mwisho wa wiki narudi Riverdale Park. Nilimwita Bibi tu, nikamweleza maana yake, akasema kwao pia hawaiti mzee kwa jina. Kiingereza chake kilikuwa kinachechemea na changu kinachechemea, lakini vyote vilifika.

Alikuwa na mtoto mmoja, Joon, anayeishi Columbia, upande wa Maryland, mwendo wa saa nzima barabara ikifunga. Mtu mpole, mwenye miwani na uso wa usingizi. Machi ile, siku yangu ya mapumziko, Bibi alisahau sufuria jikoni. Moshi ukajaa nyumba, zimamoto wakaja na ving'ora, mtaa mzima ukatoka nje na khanga zake, kama wangekuwa na khanga. Joon alifika mbio. Akasema mbele yangu, tena polepole ili wote tusikie:

"Mama, ukisahau kitu kikubwa mara moja tena, utahamia nyumba ya wazee karibu na kwangu. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," Bibi akajibu.

Joon alipoondoka akanigeukia. "Nyumba hii naijua hata nikifumba macho," akasema. "Humu nitatoka nimelala." Alikuwa na maana ya kubebwa kwenye jeneza. Tangu siku ile mimi na yeye tukawa na kazi moja kubwa: Bibi asisahau. Nilibandika vikaratasi kwenye jiko, kwenye mlango, kwenye bomba la bafuni. Kila jioni namuuliza leo ni siku gani, na yeye ananijibu kwa hasira kwamba ni siku ile ile niliyomuuliza asubuhi.

Sasa, kuhusu kuchora. Kabla ya kiharusi Bibi alikuwa mchoraji wa wino, ule mtindo wa zamani wa kwao wa milima na misitu, wino mweusi kwenye karatasi nyeupe, hakuna rangi nyingine. Mumewe alipofariki alianza kumchorea msitu wa kijijini kwao, kwenye kiambaza cha kukunja chenye vipande vinane. Wana desturi: kila mwaka siku ya kifo chake ukoo unakusanyika, wanaandaa meza ya chakula mbele ya picha ya marehemu, wanainama mpaka chini, na nyuma ya meza kinasimama kile kiambaza. Bibi alifikisha vipande saba, kiharusi kikamkuta. Kipande cha nane kikabaki kitupu, karatasi yake haijachorwa, mwaka wa tano huo. Kiambaza chenyewe kilikaa kwa Joon kwa sababu nyumba ya Bibi ilikuwa na unyevu. Mimi sikuwahi kukiona.

Mwezi wa Mei alijaribu mkono wa kushoto. Nilimtandikia karatasi mezani, nikamshikia. Mstari ukatoka umetetemeka, wa pili vivyo hivyo, wa tatu akaitupa brashi sakafuni na kutoa neno la Kikorea ambalo sikuhitaji kutafsiriwa. Nikaokota brashi. Sijui kilichonituma. Nikainama pale pale nikachora shina la mti na matawi mawili.

"Hivi?" nikauliza.

Bibi akaangalia. "Mbaya sana," akasema. "Tena."

Kumbe nimeshaandikishwa shule! Kila siku baada ya chakula cha mchana, mimi na miaka yangu hamsini na mitatu, naketi kama mtoto wa darasa la kwanza. Wiki ya kwanza sikuchora chochote, nilisaga wino tu. Una kijiti kigumu cheusi, unakisugua kwenye jiwe lenye maji, unazungusha, unazungusha, mpaka mkono ufe ganzi. Nikiharakisha ananigonga kidole na kijiti cha kulia chakula. Halafu brashi: inasimama wima, haishikwi kama kalamu. Karatasi inanyonya wino palepale, hakuna kufuta, hakuna kurudia mstari. Ukikosea umekosea, chukua karatasi nyingine. Kwa mtu wa hasira kama mimi ile ilikuwa adhabu, na nilimwambia hivyo. Akasema hata yeye alikuwa na hasira, ndiyo maana baba yake alimfundisha.

Msitu wangu wa kwanza ulimchekesha mpaka akakohoa. "Hawa ni askari?" akauliza. Nikaangalia. Kweli, miti yote imesimama wima, mistari minne, nafasi sawa. Nikamweleza kwamba mimi ni mtu wa Mafinga, Tanzania. Kwetu msitu ni misindano, ile misonobari ya mbao, iliyopandwa kwa kamba, mti na mti, mstari na mstari, ukisimama huku unaona mpaka kule. Baba yangu alikuwa na ekari zake, na kila baada ya mvua za kwanza tulipita kurudishia, yaani kupanda mche mpya palipokufa mche. Anatembea nyuma yetu na fimbo. Akikuta pengo anauliza, "Hapa alipita nani?" Ole wako ujibu ni wewe. Pengo shambani kwetu ni aibu ya ukoo. Watu wakipita barabarani wanasema fulani amelea watoto wavivu.

"Hapa sahau baba," Bibi akasema. Rahisi kusema.

Alinifundisha kwamba mti una pande nne, kuna tawi linalokujia na linalokwenda mbali nawe. Matawi yapinde kama pembe za wale swala dume wanaokuja kula maua ya jirani. Mti wa karibu wino mzito, wa mbali wino wenye maji. "Mti wa mbali hauna miguu," alikuwa akiniambia, akikwaruza sehemu ya chini ya miti yangu kwa kijiti. Niliitikia, lakini nilidhani ni mambo ya kubana wino. Ilipofika Agosti nikawa naweza kuchora mti mmoja ambao Bibi aliuangalia bila kusema kitu. Nilifurahi, jamani! Miaka kumi na tisa Marekani nimeosha watu, nimepika, nimekunja mashuka, na kila nilichofanya kesho yake kimechafuka tena. Ule mti ulibaki. Niliupiga picha nikamtumia kila mtu kwenye kundi la simu la Watanzania, mmoja akauliza kama ni ufagio.

Septemba akatoa karatasi ya kipande cha nane. Ndefu, kutoka kidevuni mwangu mpaka magotini. Kumbukumbu ya mumewe ilikuwa inakuja Oktoba, Jumamosi, na mwaka ule alitaka kiambaza kisimame kimekamilika. Mkono ukawa wangu na jicho likawa lake. Anaelekeza kwa kijiti: hapa, bonyeza, inua, simama. Wiki tatu. Miti ya karibu chini kulia, mikubwa, imepinda vizuri. Juu kabisa kilele cha mlima na miti hafifu. Katikati hatukugusa. Ijumaa, siku moja kabla ya wageni, nilipoinua brashi kwenye tawi la mwisho Bibi akavuta pumzi ndefu.

"Basi," akasema. "Imetosha." Akaenda kulala, amechoka.

Nikabaki naangalia ile karatasi. Nusu yake nyeupe kabisa. Nikajisemea, maskini Bibi, ameishiwa nguvu, ameamua tuishie hapo.

Ndipo akaingia Edah. Edah ni Mkenya, tunakaa naye nyumba moja Riverdale Park, na wakati ule alikuwa anaangalia mzee mitaa miwili kutoka pale, kwa hiyo mchana hupita kunisalimia. Akasimama mbele ya picha, mikono kiunoni.

"Aki Vumi, hii ni kali," akasema. "Ni wewe umedo hii? Lakini hapa kati mbona mmeacha blank? Wino iliisha?"

"Bibi amechoka."

"Na si wageni wanakuja kesho? Wewe, watasema ni mfanyakazi alizembea. Bibi hana mkono, kila mtu anajua. Mkono ni yako." Akachukua ndizi mezani akaenda zake.

Simlaumu Edah. Alisema neno la kupita, kama tunavyosema sote. Lakini lilinichoma. Niliiona ile nafasi nyeupe na nikamsikia baba nyuma yangu na fimbo yake. Na nikaona uso wa Bibi kesho mbele ya ukoo wake, kazi imekatika katikati, watu wakinong'ona. Nikasema, mimi niko hai, mkono ninao, nimwache Bibi wa watu aaibike? Nikasaga wino. Sikuharakisha, nilisaga kama alivyonifundisha. Nikachora miti kumi na moja pale katikati, mistari mitatu, minne na minne na mitatu, kila mti na miguu yake ardhini. Nilifanya kwa upendo. Hilo naliapia popote. Nilipomaliza hakukuwa na pengo hata la kuingiza kidole. Nikarudi nyuma nikajipigia makofi kimyakimya.

Bibi aliamka saa kumi. Akaja anaburuta mguu, akasimama mbele ya meza. Alisimama sana. Akanyoosha mkono wa kushoto akagusa karatasi, mti wa kwanza, wa pili.

"Wino umekauka?" akauliza.

"Umekauka, Bibi."

"Basi."

Akaenda jikoni kukagua peasi za sadaka. Mimi nikaona sawa. Kwetu mzee hakusifii usoni, akinyamaza amekubali. Jioni hakumaliza supu yake, nikasema ni wasiwasi wa kesho.

Jumamosi wakaja, watu kumi na wawili, Joon na mkewe na wanawe, na mabinamu kutoka pande za Centreville. Mimi nilibaki kusaidia jikoni. Meza ikapangwa: samaki, wali, peasi, njugu za kuchemsha, picha ya mzee katikati. Joon akaleta kiambaza kutoka garini, akakisimamisha, akakikunjua, na ndipo kwa mara ya kwanza nikaona vile vipande saba.

Mungu wangu. Misitu ya ajabu, na katikati ya kila kipande, weupe. Ule weupe ulianza mwembamba kipande cha kwanza, ukapita kati ya miti, ukavuka kipande cha pili, cha tatu, ukipanuka, mpaka cha saba ukawa mpana kama bonde lililojaa ukungu asubuhi. Miti yote iliyokuwa karibu nao haikuwa na miguu, ilikuwa imezama humo. Nilielewa papo hapo, kabla hata Joon hajabandika karatasi yangu kwenye kipande cha nane. Nilitaka kumrukia nimnyang'anye. Akabandika, pini nne, akarudi nyuma.

Ukungu ulitiririka vipande saba, ukafika cha nane, ukagonga ukuta wa misindano ya Mafinga.

Binamu mmoja akakohoa. Kisha Joon akasema kwa Kiingereza, maana Kikorea chake ni cha kuombea chakula tu: "Mama, pale ndipo nyumbani kwa Baba. Ulituambia siku ulipoanza kuchora. Kijiji chao kiliungua wakati wa vita, hakurudi tena kukiona, ndiyo maana hutakichora, utakiacha cheupe. Ulisema katikati ya kipande cha mwisho patakuwa ukungu mtupu." Akaonyesha kwa kidole. "Nani amepanda miti juu ya nyumbani kwa Baba?"

Mimi nilikuwa mlangoni mwa jikoni, sahani ya peasi mkononi, wino bado kwenye kucha.

"Mimi," Bibi akasema.

Joon akamgeukia.

"Nilimwambia ajaze," Bibi akasema. "Nilisahau."

Neno hilo, nilisahau, alilitamka wazi kabisa. Alijua lina maana gani katika nyumba ile. Na mimi nilijua, na Joon alijua. Joon akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena, akanitazama mimi.

"Vumilia," akasema. "Ni kweli?"

Jibu lilikuwa maneno mawili. Si kweli. Nilikuwa nayo mdomoni, nakuapia, nilikuwa nayasikia ulimini. Bibi hakunitazama, alikuwa anaitazama picha ya mumewe. Watu kumi na wawili walinitazama. Nikajiona kama walivyoniona wao, mama mmoja mweusi na aproni, aliyepewa brashi ya Bibi akaenda kulima shamba kwenye kaburi la watu. Nikaona nikifukuzwa, nikaona nikirudi Riverdale Park na begi langu Jumamosi ile ile, nikaona Annandale nzima wakisimuliana. Joon alisubiri. Alisubiri muda unaotosha kumaliza Salamu Maria moja na kuanza nyingine. Nikainamisha kichwa nikaangalia peasi.

"Sawa," Joon akasema.

Wakainama mbele ya meza, mara mbili, vichwa mpaka kwenye mkeka. Bibi aliketi kwenye kiti chake kwa sababu ya mguu. Mimi nilirudi jikoni nikafungua bomba la maji ili nisisikie.

Watu husema mdomo huponza kichwa. Changu nimekiponza kwa kufunga mdomo, tena nikaponza na cha mwenzangu. Na usidhani nilikosa nafasi. Jumatatu nilikuwa na Bibi peke yetu siku nzima, sikusema. Jumanne nilimwogesha, nikamchana nywele, nikamkata kucha, sikusema. Nilijidanganya kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyetaka hivyo, kwamba nikisema nitamfanya mwongo mbele ya mwanawe, kwamba mzee akishasema huwezi kumpinga. Sababu nzuri zote hizo, na zote nilizitunga baadaye. Pale mlangoni sikuwa na sababu yoyote ila woga. Bibi hakulitaja. Brashi aliniambia nizioshe, nizifunge kwa uzi, nizirudishe kwenye sanduku, na baada ya chakula cha mchana tukawa tunaangalia televisheni.

Wiki ya pili Joon akaja na karatasi za ile nyumba ya wazee. Akaketi karibu na mama yake, akamshika mkono ule usiohisi.

"Umesahau nyumbani kwa Baba," akasema. "Hicho ndicho kitu kikubwa, Mama."

"Tulielewana," Bibi akajibu. Nilikuwa nakunja nguo pale pale. Ningeweza kuwagusa wote wawili.

Nilimpakia vitu mimi. Mashuka, mabakuli, sanduku la brashi, viatu vya marehemu ambavyo hakutaka vitupwe. Siku ya kuondoka alipita vyumba vyote, mkono wa kushoto ukutani, amefumba macho. Sikuwahi kuona mtu akitembea taratibu vile. Joon alinishukuru, akanipa barua ya kuombea kazi kwingine. Nimeitunza mpaka leo kwenye begi. Imeandikwa kwamba Vumilia ni mchapakazi, msafi, na zaidi ya yote mwaminifu. Nilipofika mstari huo niliikunja, na kwenye basi nililia mpaka msichana mmoja wa shule akanipa tishu.

Edah nilipomsimulia alishika kichwa. "Aki wewe. Si ungesema tu ni wewe?"

Nikamfokea! Nilimfokea mpaka majirani wa juu wakagonga sakafu. Nikamwambia ni yeye na mdomo wake, ni yeye na ndizi zake, angepita zake siku ile asingeniletea balaa. Aliniacha nimalize. Halafu akasema, "Sawa, miti ilikuwa ni mimi. Na kunyamaza?" Nikaingia chumbani nikajifungia.

Ilinichukua mpaka Desemba. Nilikuwa nimeshapata mzee mwingine, na kila nilipomfungia vifungo vya shati nilimwona Bibi. Jumamosi moja nikamwambia Edah anipeleke Columbia. Akachukua funguo. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya kusema, kwa Kiingereza kisha kwa Kiswahili, Edah akawa mara Joon mara Bibi. Tulipofika akabaki garini.

Ile nyumba ni nzuri, sitadanganya. Zulia, maua, muziki wa taratibu. Joon alikuwa anatoka kwenye lifti, kofia mkononi. Nilimsimamisha hapo hapo kabla moyo haujanigeuka.

"Mista Joon," nikasema, "ile miti ni mimi. Bibi alikuwa amelala. Hakuniambia nijaze, wala hakusahau. Alinifichia, na mimi nikanyamaza."

Nilitegemea atapandisha sauti. Nilitaka apandishe. Akaketi kwenye kiti cha wageni, akanionyesha nami niketi, nikakataa.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua?"

"Siku ile ile. Mama anaweza kusahau sufuria. Anaweza kusahau jina langu. Pale hawezi kupasahau. Tena mama yangu hajawahi kuchora mti ulionyooka maishani mwake."

"Sasa kwa nini uliniuliza?"

Akavua miwani. Bila miwani alikuwa mzee kuliko nilivyodhani. "Nilikuwa nimechoka, Vumilia. Kila simu ikilia nilidhani ni zimamoto. Nilitaka sababu ya kumhamisha, na Mama akanipa moja, lakini ilikuwa ya uongo na niliijua. Nikasema moyoni, huyu akisema si kweli, mama yangu anabaki kwake. Nikakuuliza." Akaangalia kofia yake. "Nilikusubiri sana kabla sijasema sawa."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, pamoja na zulia lake. Hata kumchukia sikuweza, maana tulikuwa tumefanya kitu kimoja, yeye kwa kusema na mimi kwa kunyamaza. Akaniambia chumba cha Bibi ni cha mwisho kulia, akaenda kwenye gari lake.

Bibi alikuwa dirishani. Dirisha lenyewe linaangalia maegesho ya magari. Alikuwa amepungua, mabega yamekuwa madogo ndani ya sweta lile la kijivu nililolizoea. Ukutani hapakuwa na picha hata moja. Aliponiona uso wake ulifunguka wote, na hilo ndilo lililoniumiza kuliko yote.

"Umekula?" akauliza. Ndivyo wanavyosalimiana kwao.

"Nimekula, Bibi."

Nikapiga magoti mbele ya kiti chake, kama tunavyowaamkia wazee kwetu. Yale maneno niliyoyafanyia mazoezi na Edah yalikwisha yote, yakabaki machache.

"Bibi, ile miti ni mimi. Ulijitwisha kosa langu, Joon akaniuliza, nikanyamaza."

"Najua," akasema. "Nilikuwepo."

"Nisamehe, Bibi."

Akaniwekea mkono wa kushoto kichwani. Hakuwa na hasira, sauti ilikuwa ile ile aliyokuwa akiniambia nibonyeze, niinue, nisimame. Nikasikia kigari cha chakula kikipita kwenye ukumbi na mhudumu akigonga milango, mmoja baada ya mwingine, akija kwetu.

"Nilisema ni mimi ili wasikufukuze," akasema. "Lakini nilidhani utasema."